Barua ya wazi: bandikeni ripoti ya ukaguzi getini, tumechoka kuchagua kituo cha mzee kwa kuangalia marumaru

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii na makundi maalum, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kwa Makatibu Tawala wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na kwa nyie maafisa ustawi wa halmashauri ambao ndo tunakutana nanyi mtaani.

Walionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Mi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, nauza simenti, nondo, rangi, marumaru na mikanda ya jipsamu, mwaka wa kumi na moja sasa. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele ntawaeleza ujinga nilioufanya, na nataka mjue kabisa kwamba ni muuza marumaru ndo alidanganywa na marumaru. Siandiki kuomba hela, siandiki kuomba mjenge kituo kipya, wala siombi mtu afukuzwe kazi. Naomba kitu kimoja, mkishakagua kituo cha kulea wazee mlichokikuta kiandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi, na hiyo karatasi ibandikwe getini ili sisi tunaotafuta pa kumpeleka mzee tuisome kabla hatujalipa. Basi. Mengine yote hapa chini ni maelezo tu ya imekuaje mpaka nikaandika.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, nyumbani Moshi huko juu kwenye migomba. Mwaka juzi mwezi wa tatu akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakabaki matatu, "sawa", "bado" na jina la mama ambaye alishatangulia. Wachaga wenzangu mnajua utaratibu, mtoto wa mwisho wa kiume ndo anabaki na nyumba ya wazazi na ndo anawatunza, sasa wa kwetu yuko Dar anaendesha teksi ya mtandaoni, kapanga chumba kimoja Tabata, ye mwenyewe anahitaji kutunzwa. Tukaweka dada wa kumwangalia mzee, wa kwanza alikaa miezi miwili, wa pili wiki tatu akasema mgongo unamuuma, na hakua anadanganya maana kumnyanyua mzee wa kilo themanini aliyelegea upande mmoja sio kazi ya binti wa miaka 19 peke yake. Mi niko Arusha na duka, dada yangu yuko Mwanza na watoto wake. Tukafanya kikao cha simu usiku, tukakubaliana tutafute kituo cha kulipia. Maneno tuliyasikia, eti wamemtupa mzee wao, Disemba watapanda na magari yao kuja kuchinja mbuzi wakati baba yao analelewa na watu baki. Tumeyazoea.

Vituo vya kulipia huku kwetu unavihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Tukazunguka vitatu ndani ya siku mbili.

Cha tatu sina la kusema, kilikua kimejaa tukaishia getini. Cha kwanza kiko upande wa huku Arusha na jamani kilikua kizuri. Geti la kisasa, pevingi bloku mpaka mlangoni, maua yamekatwa vizuri, ndani marumaru nyeupe zile za sentimita 60 kwa 60, jipsamu yenye taa za kufichwa, TV kubwa ukutani na wazee wamepangwa kwenye viti wote wanaangalia upande mmoja. Harufu ya sabuni tu. Yule aliyetupokea alikua na suti na kadi ya biashara. Laki tisa kwa mwezi, pampasi unaleta mwenyewe.

Cha pili kiko upande wa Moshi, nyumba ya zamani, bati limefifia, sakafu ya simenti nyekundu ile inayosuguliwa mpaka inateleza, TV ya chogo ambayo ilikua imezimwa. Kulikua na kaharufu ka mkojo, siwezi kusema hamna. Laki sita. Mama mkuu wa pale, wanamwita Metroni, hakutuonyesha maua, alitupeleka moja kwa moja kwenye vitanda, na kwenye kila kitanda upande wa miguuni kulikua na msumari, na kwenye msumari daftari dogo la shule limetobolewa na kufungwa kamba. Akafungua moja akatuonyesha, saa 4 kushoto, saa 6 chali, saa 8 kulia, amekunywa uji kikombe na nusu, amepata choo, sahihi. Sisi tukatikisa vichwa kama watu waliokua wanaelewa. Dada yangu akaninong'oneza kichaga kwamba hapa pamechakaa, mi nikamjibu ndiyo.

Tukampeleka baba cha kwanza.

Mi nauza rangi. Najua ndoo moja ya lita 20 inavyoweza kuficha ukuta wenye unyevu kwa miezi minane, nawauzia watu wanaopangisha nyumba kila siku na nawacheka kimoyomoyo wapangaji wao. Halafu nikaenda kumlipia baba yangu kwa sababu ya rangi. Ila jiulizeni pia, nilikua na nini kingine cha kulinganishia? Niwekeni pale tena leo na akili ile ile ya siku ile, ntaangalia tu kinachoonekana, jengo, harufu, bei, na sura ya anayekupokea, na hivi vyote vinne havimgeuzi mzee usiku.

Siku za kuona wagonjwa zilikua Jumamosi na Jumapili saa 4 mpaka saa 6. Kila tulipoenda tulimkuta kanyolewa, shati limepigwa pasi, mafuta usoni, tukawa tunapiga picha tunatuma kwenye grupu la familia na watu wanaweka makopakopa. Mwezi wa nne wa kukaa kwake pale nilikua nasindikiza mzigo wa simenti na dereva wa kanta, Jumanne, saa nane mchana, tukapita karibu na geti nikamwambia simama dakika kumi. Mlinzi alisita ila ananijua, akafungua.

Baba alikua kwenye kiti, ametazamana na ukuta kwa sababu kiti kilikua kimesogezwa ili mtu adeki halafu hakikurudishwa. Midomo imekauka imepasuka. Kikombe cha maji kilikuepo, tena kizuri kile chenye mfuniko na mrija, kimewekwa kwenye dirisha upande wake wa kulia. Mkono wa kulia ndo haufanyi kazi tangu kiharusi. Yaani mtu aliyekiweka pale hajawahi kumwangalia baba akijaribu kunywa, hata mara moja, kwa miezi minne. Nikamnywesha akamaliza kikombe chote, nikajaza akamaliza tena. Nikasema ngoja nimkate kucha za miguu, nikavuta soksi ya mguu wa kulia ikagoma. Ilikua imegandana na kisigino. Nikailowesha na yale maji ya kunywa taratibu mpaka ikaachia, chini yake kidonda cheusi saizi ya kizibo cha soda, na harufu ambayo sabuni yote ile ya ukumbini ilikua haijafika huko.

Nikaita mhudumu. Akaangalia akasema hiyo ni kiatu, dada. Baba hajavaa kiatu tangu siku alipoanguka.

Sitaki mfikiri nilimgombeza yule binti, nilikaa naye nje kwenye ngazi mpaka akaacha kulia na ndo nikajua hesabu ya pale ilivyo. Wazee 19. Mchana wahudumu watatu na mpishi, usiku mmoja. Kati ya wale 19, tisa hawawezi kujigeuza wenyewe. Mtu asiyejigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, hili hata nesi wa zahanati atakwambia, kwa sababu pale mfupa unapokandamiza godoro damu haipiti na nyama inaanza kufa, kisigino, nyonga, mkia wa mgongo. Sasa chukua kalamu. Kumgeuza mzee mmoja, kumwangalia pampasi, kumfuta, kumweka sawa, tuseme dakika kumi ukiwa na haraka. Mara tisa ni dakika tisini. Kwenye masaa mawili yule mhudumu wa usiku anabakiwa na nusu saa ya kuwahudumia wale wengine kumi, kunywa maji, kwenda msalani na kupumua, kisha anaanza upya, kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 1 asubuhi. Haiwezekani. Hata angekua malaika haiwezekani. Kile kidonda kilianzia kwenye ile hesabu, na ile hesabu ilikuepo pale siku ya kwanza tunapiga picha maua, ila hamna aliyetuambia na sisi hatukujua kwamba hilo ndo swali la kuuliza.

Baada ya hapo nikaenda ofisi moja, sitaitaja. Nikauliza kituo kile kimesajiliwa? Kimesajiliwa. Kinakaguliwa? Kinakaguliwa. Naomba kuona ripoti ya mwisho. Yule bwana akanitazama kama nimeomba kuona mshahara wake, akasema, "Ripoti ni ya ofisi." Alikua mstaarabu, alinipa kiti, sina ugomvi naye. Lakini waheshimiwa, hilo neno ndo limenikalisha chini kuandika hii barua, maana nimekua najiuliza ripoti inayohusu kisigino cha baba yangu imekuaje ya ofisi.

Mafuta ya gari, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza bei kikomo na kila kituo cha mafuta lazima kiwe na bango lenye bei linaloonekana. Mi na dereva wangu wa kanta tunajua bei ya dizeli tukiwa bado barabarani. Hapa Arusha hoteli zinapangwa kwa nyota kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mgeni kutoka Ujerumani anajua kabla hajapanda ndege kwamba analala kwenye nyota tatu au nne. Makao ya watoto yana Sheria ya Mtoto ya 2009 inayodai leseni. Sisi wenye wazee tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, sera nzuri tu, inasema familia ndo mlezi wa kwanza na kituo ni hatua ya mwisho, nakubali, lakini sheria ya kuipa meno imekua inadaiwa miaka yote hii, na wenzetu Zanzibar walishatunga yao 2020. Na sensa ya 2022 ilishawaonyesha, wenye miaka 60 na kuendelea ni asilimia 5.7 ya nchi nzima, na Kilimanjaro wako juu zaidi ya hapo sana, si mnaona wenyewe ukipanda Marangu au Kibosho siku ya kawaida, vijana wako Dar, unakutana na bibi, babu na mbwa.

Na msiniambie hatuna uzoefu wa kupima huduma. Tunao. Serikali hii hii 2015/16 ilizunguka zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya karibu elfu 7 ikavipa nyota kuanzia sifuri mpaka tano. Asilimia 34 vikapata sifuri. Sifuri kabisa! Nchi haikuanguka. Kila kituo kikapewa orodha ya kurekebisha, waliporudi 2017/18 wenye sifuri walikua wameshuka mpaka asilimia 4. Zahanati ya kijijini kwetu kama iliweza kuvumilia kuambiwa ukweli, kituo kinachochukua laki tisa kwa mwezi kwa kichwa kitashindwaje?

Ila sasa, na hapa ndo naomba msome taratibu, sitaki mnakili tu ya nje mkaleta nyota. Nina binamu yangu Uingereza anafanya hizo kazi za kulea wazee, na mi mwenyewe miezi ile baba anauguza kisigino nilikua silali nasoma kwenye simu, nimeona waliotangulia walikoangukia.

Wajerumani mwaka 2009 walianza kutoa maksi kwa nyumba za wazee, 1 ndo bora na 5 ndo mbovu, karibu kama shule zao. Wakajumlisha vitu vingi wakagawanya wakapata wastani. Matokeo yake karibu kila nyumba ikawa na 1 na pointi kidogo, nchi nzima wastani ukawa kama 1.2, yaani wote wanafunzi bora. Mojawapo ya sababu ni kwamba kitu kama orodha ya chakula kuandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka kilikua kinaingia kwenye hesabu moja na uangalizi wa vidonda, kwa hiyo ukifeli huku unajikomboa kule. Mwaka 2019 wakaachana nayo. Mi niliposoma hiyo nilicheka kwa uchungu, ningekua na mamlaka kile kituo chetu cha marumaru kingepata 1.2 pia, bustani mia, TV mia, kisigino sifuri, wastani safi.

Wamarekani wao walianza kuweka taarifa za kulinganisha mtandaoni tangu 1998, nyota zikaja Desemba 2008. Tatizo lao, idadi ya wahudumu ilikua inajazwa na wenye vituo wenyewe. Sasa we muulize muuza duka ajaze mwenyewe mauzo yake bila risiti uone. Baadaye wakabadilisha, wakawa wanachukua idadi kutoka kwenye kumbukumbu za mishahara, ndo ikaonekana vituo vingi vilikua na watu pungufu kuliko vilivyosema, hasa wikiendi.

Uingereza ndo wako karibu na ninachoomba. Wana chombo cha ukaguzi kinaitwa CQC, kinatoa neno moja kati ya manne, bora sana, nzuri, inahitaji kurekebishwa, au haifai, na tangu 2015 kituo kinalazimika kubandika hilo neno mahali watu wanaona. Ugonjwa wao ni mwingine, 2024 ripoti iliyoagizwa na serikali yao ilikuta sehemu zingine zimekaa miaka bila kukaguliwa upya, bango la "nzuri" liko mlangoni ila lilibandikwa enzi za menejimenti nyingine kabisa. Kwa hiyo hata kwenye karatasi yetu tarehe iwe kubwa kuliko kila kitu.

Karatasi ninayoiwaza ni moja, saizi ya kawaida ya A4, nakala moja getini na nyingine ofisi ya kata. Iwe na tarehe ya ukaguzi na saa, maana ukaguzi wa saa 4 asubuhi uliopigiwa simu jana yake ni sawa na sisi na Jumamosi zetu, hata mbuzi angekutwa kanyolewa. Njooni saa nane usiku bila taarifa, mara moja tu kwa mwaka inatosha, mhesabu waliolala ambao walitakiwa kua macho na muulize walilala kwa nini. Muandike wazee wangapi, wasiojigeuza wangapi, wahudumu wangapi usiku, na kati yao mwenye mafunzo ya uuguzi au ustawi yuko au hayuko. Muandike vidonda, ila mtenganishe mzee aliyekuja navyo na aliyevipatia pale, kwa sababu mkivichanganya vituo vitaanza kukataa wagonjwa walio hoi zaidi na mtakua mmewaumiza wale wale mnaowatetea. Uzito, mizani ni bei rahisi, mzee aliyepungua kilo tano ndani ya miezi miwili hamna haja ya daktari kukwambia halishwi. Walioanguka. Wanaopewa dawa za kuwalaza ili wasisumbue na nani aliziandika. Na muongee na wazee wenyewe bila mwenye kituo kusimama pembeni, na wale kama baba ambao maneno yameisha, angalieni kikombe kiko upande gani.

Na msijumlishe. Nawasihi. Bustani ibaki bustani na kidonda kibaki kidonda, kila kimoja kwenye mstari wake. Wala sitaki orodha ya kumi bora na kumi wa mwisho, NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza hizo za shule tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023, na vituo vyetu ni vichache kiasi kwamba wa mwisho anaweza kua mzuri tu.

Najua mtakalosema. Mtasema mkivianika vitafunga na wazee watakosa pa kwenda. Kituo chenye mtu mmoja usiku kwa wazee 19 hakitafunga kwa sababu ya karatasi, kitaajiri wa pili, kwa sababu mimi na wenzangu tutasimama pale getini tukisoma na pesa mkononi. Mtasema hamna gari wala mafuta ya kukagulia, hilo naliamini, nimewaona maafisa ustawi wakipanda bodaboda kwa hela zao, basi anzeni na vile ambavyo mnavikagua tayari, sijaomba safari mpya zaidi ya ile moja ya usiku, nimeomba gundi. Mtasema ya serikali je? Anzeni nayo hayo hayo. Makazi ya wazee mnayosimamia wenyewe, mfano pale Njoro Moshi, yawe ya kwanza kubandika, iwe nzuri iwe mbaya, halafu mwenye kituo binafsi atakosa cha kujitetea. Na wale wazee wa makazi ya serikali wengi ndo hawana ndugu wa kuwatembelea ghafla Jumanne na kanta ya simenti.

Baba tulimhamisha wiki ile ile. Alienda wapi mshajua, kwenye sakafu nyekundu. Metroni alitupokea bila kutukumbusha kwamba tulishakuja tukaondoka, akavua soksi, akaangalia, akasema hii itachukua muda, na kweli kisigino kilichukua miezi mitano kufunga. Sio peponi pale. Chakula cha jioni kinafika kimepoa, kaharufu kapo, mvua za mwezi wa nne bibi mmoja aliteleza kwenye ile sakafu akavunja mkono na walitupigia simu wenye wazee wote kutuambia kabla hatujasikia mtaani.

Nataka kuwaambia kuhusu daftari la baba. Kila Jumapili nafungua nasoma wiki nzima, kushoto, chali, kulia, uji, choo, sahihi. Kuna wiki moja nilikuta usiku wa Alhamisi kuanzia saa 8 mpaka saa 12 asubuhi hamna kitu, mistari mitatu mitupu, halafu chini kwa mwandiko wa kitoto imeandikwa "nilipitiwa na usingizi, mwenzangu anaumwa, asubuhi nimeangalia ngozi iko salama." Mngekua nyie wakaguzi hapo mngeweka alama nyekundu, na ni haki yenu. Ila mi ndo siku niliyoanza kuamini kurasa zingine zote. Kile kituo cha kwanza walikua na fomu zimechapwa kwa kompyuta, zenye nembo, nilipoziomba siku tunaondoka nikakuta miezi minne yote imejazwa na kalamu moja, mwandiko mmoja, baba kageuzwa kila masaa mawili bila kukosa, hata zile siku tatu alizokua amelazwa hospitali.

Hiyo fomu ninayo dukani, nimeitunza kwenye droo ya risiti. Afisa yeyote anayetaka kuiona aje siku za kazi, tunafungua saa 2. Na karatasi zenu zikiwa tayari, misumari na gundi ya kubandikia natoa mimi bure, kwa vituo vyote vya Arusha na Moshi, na ngazi naazima.

Ni mimi, mtoto wa pili wa mwalimu,
Arusha.